Kalamu ya Jirani

Mzee Paschal alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile la jana, nje ya ofisi ya upelelezi pale Musoma, mfuko wa plastiki ukiwa mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na shuka jeupe na vitenge viwili. Inspekta Getruda Masatu alijua, kwa sababu jana mzee aliufungua akamwonyesha bila kuulizwa. Alikuwa amekuja kumchukua binti yake, Jeska, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Chuo Kikuu cha Mwambao, aliyeopolewa ziwani Ijumaa asubuhi karibu na mialo ya Mwigobero, wanakotua wavuvi. Leo ilikuwa Jumatatu.

Kando ya mguu wake kulikuwa na kikombe cha chai na kipande cha muhogo. Dorah, mama wa kantini, alikuwa amevileta akarudi jikoni.

"Umeamkaje, mzee wangu?"

"Nimeamka, mama. Katekista amenipigia tena. Anataka kujua karatasi ya polisi imeandikwa nini. Kama imeandikwa kajiua, kengele haipigwi, na ibada kanisani hakuna. Wadogo zangu wanasema tukamzike nje ya uzio, alfajiri, watu wasione."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema mtoto aliyejua kuogelea kabla ya kujua kufunga kamba za kiatu, akitaka kufa hachagui maji. Maji yenyewe yatamkatalia."

Getruda alimgusa bega, akaingia ndani.

Mkuu wake, Afande Bernado, hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu hospitali Ijumaa na kubishana nao mpaka marehemu akahamishiwa kwenye jokofu linalofanya kazi. Lakini alikuwa na majalada mengi, na hili lilikuwa jepesi.

"Viatu vimepangwa juu ya jiwe," alisema. "Mkoba uko pembeni. Barua imo ndani ya mkoba. Daktari anasema maji. Unatafuta nini tena, Getruda?"

"Daktari anasema pia kuna jeraha kisogoni."

"Pale pana mawe kila mahali. Saa kumi jioni nasaini. Yule mzee anateseka kwenye benchi, na sisi ndio tunaomtesa."

Getruda alichukua jalada akaenda nalo mezani kwake. Barua ilikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza, kwa wino wa bluu na mwandiko wa kulala. Kiingereza chake Getruda kilikuwa cha kidato cha nne, cha miaka mingi iliyopita, kwa hiyo alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, halafu akasoma tafsiri iliyobanwa nyuma yake:

*Kwa sababu hizo siwezi kuendelea tena. Nimechoka kuuficha uso wangu. Naomba mnisamehe kwa usumbufu, na zaidi ya wote namwomba baba yangu anisamehe, maana ng'ombe wake sita waliuzwa ili mimi nifike hapa. Leo zizi ni tupu, na sina cha kumrudishia. Naomba mtu yeyote asinitafute. Wenu mtiifu.*

Chini ya hapo hapakuwa na jina.

"Nani anasaini akienda kufa?" Afande Bernado alikuwa amesema hivyo Ijumaa, na wote walikubali.

Getruda aliinua karatasi kuelekea dirishani. Kwenye pembe ya juu kushoto kulikuwa na matundu mawili madogo ya pini ya stepla. Pini haikuwepo.

"Mseti," alimwita koplo wake. "Mtu anaanzaje barua na 'kwa sababu hizo'?"

Koplo Mseti, kijana mrefu wa Tarime, aliinama akaangalia. "Sababu zipi, afande?"

"Ndilo ninalouliza. Huu ni ukurasa wa pili. Wa kwanza uko wapi?"

Getruda akatoka tena nje na kukaa kwenye benchi.

"Mzee, wale ng'ombe wako sita uliwauza lini?"

"Ng'ombe?"

"Wa ada ya Jeska."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za ukoo mwingine. "Mama, mimi ng'ombe zangu ziko wapi? Mimi ni mtu wa nyavu. Kwangu hata mbuzi hakuna. Nilikuwaga na mtumbwi nusu, mimi na kaka yangu, basi. Jeska kasoma kwa dagaa na unga wa udaga. Nani amesema nina ng'ombe?"

"Barua imesema."

Mzee alitazama mikono yake, yenye makovu ya kamba. "Basi barua hiyo ina baba mwingine," alisema.

Getruda aliporudi ndani, Mseti alikuwa ameshasikia kupitia dirishani. "Mjita, mtu wa ziwa, na ng'ombe wapi na wapi, afande? Labda wa kuchora."

"Nyamaza wewe Mkurya. Ninyi mnawajua ng'ombe mpaka wa watu. Nisomee maelezo ya yule mwalimu aliyetambua mwandiko."

Mseti alicheka, akafungua. "Samwel, mhadhiri msaidizi. Jumamosi asubuhi. 'Ninaufahamu mwandiko huu kuwa ni wa marehemu. Hata mambo yaliyoandikwa ni yake. Aliwahi kunieleza mwenyewe kwamba baba yake aliuza ng'ombe kwa ajili ya masomo.'" Akainua macho. "Labda binti aliwadanganya, afande. Mtoto wa chuo haoni raha kusema katoka kwenye dagaa."

"Inawezekana," alisema Getruda. "Chukua funguo za gari."

*

Chuo kilikuwa juu ya mteremko, majengo matatu ya bati jekundu yanayotazama ziwa. Samwel alikuwa kwenye ofisi ya mwisho ya varanda. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri. Alisimama walipoingia, akampa Getruda kiti chake chenye mto, yeye akachukua stuli, akafungua chupa ya maji akamsogezea. Getruda alimshukuru. Watu wengi hawampi askari kiti.

"Pole kwa msiba, mwalimu."

"Asante, afande. Darasa zima limevunjika moyo."

"Unafundisha nini?"

"Stadi za mawasiliano. Kiingereza cha kitaaluma na cha kikazi. Kuandika ripoti, barua, kueleza hoja. Wanakuja wamefaulu mtihani lakini hawawezi kuandika barua moja ya kazi. Mwenye kozi ni Madamu Marcelina. Mimi namsaidia."

"Yeye yuko wapi?"

"Alikuwa Mwanza kwa matibabu ya macho, wiki mbili. Amerudi leo asubuhi. Hii ni ofisi yake, nilikuwa naishikilia."

Juu ya meza kulikuwa na rundo la kazi za wanafunzi, kila moja kurasa mbili au tatu, zimebanwa kwa pini kwenye pembe ya kushoto.

"Ile barua uliitambuaje?"

"Mwandiko. Nasahihisha kazi zake tangu mwaka jana."

"Na maneno?"

"Maneno ni yake. Hayo ya ng'ombe aliniambia hapa hapa, amekaa kwenye stuli hii. Alilia sana."

"Lini?"

"Mwezi wa nne."

"Baba yake ni mtu wa namna gani?"

Samwel alitazama sakafu. "Sipendi kumsema mzee aliyefiwa. Lakini nadhani alimbana. Wafugaji mnawajua, afande. Wakiuza mifugo kwa ajili ya mtoto wa kike, wanataka irudi."

"Wafugaji," alisema Getruda, akiandika.

"Ndiyo."

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa nasahihisha hizi."

"Ya Jeska imo?"

"Hapana. Hakuleta."

"Wangapi hawakuleta?"

"Wawili tu."

"Mwingine ni nani?"

Samwel alichukua kalamu, akaifunika, akaifunua. "Anaitwa Rhobi. Alienda kwao tangu Jumatatu iliyopita. Anaumwa."

"Kwao ni wapi?"

"Buswahili huko, sijui vizuri."

Getruda alikunywa maji yake yote, akafunga daftari, akashukuru tena.

*

Madamu Marcelina walimkuta kwenye chumba cha darasa, peke yake, amekaa kwenye dawati la mwanafunzi. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, miwani myeusi ya wagonjwa wa macho imepandishwa kwenye kichwa. Mbele yake kulikuwa na kitambaa cheupe alichokuwa ametandika juu ya dawati la jirani.

"Alikuwaga anakaa hapa," alisema. "Nimesikia habari nikiwa kwenye basi, tumefika Bunda. Abiria aliyekuwa pembeni yangu akanishika mkono mpaka Musoma. Simjui hata jina."

Getruda alimpa pole, akakaa, akampa nakala ya barua. Madamu aliisogeza karibu na uso, akaisoma mara moja tu.

"Huyu siye Jeska," alisema.

Mseti alisogea. "Mwandiko siyo wake?"

"Mwandiko ni wake kabisa. Lakini anayesema hapa siye yeye."

"Tueleze polepole, madamu," alisema Getruda. "Sisi ni watu wa jalada."

Madamu Marcelina aliweka karatasi chini. "Nilipoanza kufundisha hapa niliwaambia wanafunzi waandike barua rasmi kuhusu shida zao za kweli. Wote waliniandikia kwamba wana furaha na wanashukuru uongozi. Hawa watoto Kiswahili chenyewe ni lugha yao ya pili. Nyumbani wanaongea Kijita, Kizanaki, Kikurya. Ukimwambia mtoto aitoe aibu yake kwa Kiingereza anakuwa bubu. Anaogopa kukosea, na anaogopa kujulikana."

"Ukafanyaje?"

"Nikawakumbuka bibi zetu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, najua kuandika, kijiji kizima hakijui. Bibi anakuja na bahasha yake, ananiambia andika, mjukuu wangu. Naandika: mimi mgongo unaniuma, mimi nimezeeka, mume wangu alikufa vitani. Miaka tisa!" Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Basi nikawapanga wawili wawili. Huyu anamweleza mwenzake shida yake kwa Kiswahili. Mwenzake anaandika barua kwa Kiingereza, anaandika 'mimi' kana kwamba ni yeye. Halafu wanabadilishana. Jina haliwekwi. Tunaita kalamu ya jirani. Shida ya mwenzio unaiandika bila kutetemeka, na mwenye shida anajiona amesemewa."

Getruda aliivuta nakala kwake. Mseti naye alikuwa ameacha kuandika.

"Kwa hiyo barua yenye mwandiko wa Jeska..."

"Ni ya jirani yake. Wenye ng'ombe ni wao. Jeska ni mtoto wa mvuvi. Aliwahi kuniletea sato wawili, baba yake kawatuma."

"Jirani yake ni nani?"

Madamu alielekeza kwenye ukuta wa nyuma. Kulikuwa na orodha ya majina, mawili mawili. Mseti alienda akaisoma kwa sauti: "Jeska Paschal na Rhobi Nyamhanga."

"Nani ameandika orodha hii?"

"Samwel. Yeye ndiye anayewapanga, na ndiye anayekusanya. Amefanya zoezi hili na mimi miaka mitatu."

Getruda alisimama, akaenda kuichomoa orodha kwenye ukuta taratibu ili isichanike, akaiweka kwenye bahasha.

"Afande Bernado alikosea, lakini hana lawama," alisema. "Kaona mwandiko, kaona 'mimi', kaunganisha. Mtu yeyote angekosea hivyo. Mimi nilikosea hivyo. Mjini hapa kuna watu wawili tu wasioweza kukosea, na mmoja alikuwa Mwanza anatibiwa macho."

Madamu Marcelina alishika ukingo wa dawati. "Mimi ndiye niliyempa ufunguo wa ofisi," alisema.

"Hilo tutaliongea baadaye, mama. Barua hizi huwa kuna nakala?"

"Nakala hapana. Ila kuna karatasi ya Kiswahili. Mwandishi anaandika kwanza anavyosimuliwa, halafu anampa mwenye shida ahakikishe kwamba ndivyo alivyosema. Ile inabaki kwa mwenye shida. Ni siri yake."

Getruda alimgeukia koplo. "Mseti, baki hapa. Kaa kwenye stuli ya yule bwana. Asitoke, asichome kitu, asiguse simu."

"Nimwambie nini, afande?"

"Mwambie unataka kujifunza Kiingereza. Anza na barua rasmi."

*

Madamu Marcelina ndiye aliyeomba kwenda. Alisema Rhobi akiona sare atakimbilia kwenye mahindi. Walipita Makutano, wakaacha lami, wakapita mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa. Saa saba mchana walikuwa Buswahili, na mwendesha bodaboda aliyekuwa amepumzika kivulini aliacha chakula chake akawatangulia mpaka mlangoni kwa kina Nyamhanga, akakataa kushukuriwa.

Zizi lilikuwa mbele ya nyumba. Miba ya uzio ilikuwa imeanguka upande mmoja, samadi imekauka na majani yameota katikati. Getruda alisimama hapo kidogo kabla ya kupiga hodi.

Rhobi alikuwa uani na mama yake, wanapukuchua mahindi. Alipomwona mwalimu wake alisimama, punje zikamwagika kutoka kwenye kanga.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni Inspekta Getruda. Hajaja kukuchukua."

"Nimemuua Jeska," alisema Rhobi.

Mama yake aliachia gunzi. "Unasema nini wewe?"

"Kaa chini, binti," alisema Getruda, naye akakaa juu ya gunia. "Kaa. Sasa niambie ulimuua na nini."

"Na shida yangu."

Ilichukua muda. Mama alileta maji, akamfuta binti uso kwa ncha ya kanga, akakaa nyuma yake akimshika mabega, na hakumwachia tena. Rhobi alieleza akitazama mahindi. Mwezi wa nne Samwel alimwambia kwamba amefeli kozi, na akifeli tena atafukuzwa chuo. Alisema kuna njia. Njia ilikuwa chumbani kwake. Rhobi alikataa mara mbili. Mara ya tatu hakukataa.

Hapo mama yake alifumba macho, lakini mikono ilibaki mabegani.

"Halafu?"

"Akaniambia bado. Akawa ananiambia bado kila wiki. Ndipo tukapewa kalamu ya jirani. Nikamwambia Jeska aniandikie barua ya kuacha chuo, na sababu zote. Jeska akasema, naandika ulivyosema kwa kuwa ndiyo sheria, ila sikubaliani nawe. Wewe usiondoke, aondoke yeye. Mimi nikaja nyumbani. Yeye akasema barua ataiweka kwenye bahasha ofisini kwa madamu, madamu akirudi aikute."

Madamu Marcelina aligeuza uso upande wa zizi.

"Aliiweka?"

"Aliiweka Jumatano. Alhamisi saa nane akanipigia. Anasema sir Samwel ameifungua. Sir amemwambia atamrudishia barua yangu, yaishe, wakutane saa kumi na moja kule kwenye mawe, mbele ya soko la Mwigobero, watu wasione. Nikamwambia usiende. Akacheka. Akasema yeye ni mtoto wa ziwa. Kando ya maji hamwogopi mtu."

Kuku walikuja kudonoa punje zilizomwagika. Hakuna aliyewafukuza.

"Kwa nini hukuja kwetu, mwanangu?"

Rhobi alitoa simu mfukoni, simu ndogo iliyofungwa kwa mpira, akamwonyesha ujumbe wa Ijumaa saa tano asubuhi. Getruda aliusoma mara mbili na kuunakili kwenye daftari pamoja na namba: *Umeona ulichofanya? Barua yako ndiyo imemuua. Ukisema, baba yake atajua ni wewe.* Namba aliilinganisha na ile iliyokuwa kwenye maelezo ya Samwel ya Jumamosi. Ilikuwa ileile.

"Karatasi ya Kiswahili unayo?"

Msichana aliingia ndani akarudi na daftari. Katikati yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa kulala, wino wa bluu. Mstari wa tatu ulikuwa na jina la Samwel, na cheo chake, na tarehe. Chini kabisa yalikuwepo yale maneno ya ng'ombe sita na zizi tupu. Pembeni, kwa herufi ndogo, Jeska alikuwa amejiandikia mwenyewe: *Hapa alilia. Niandike vizuri.*

Getruda alipiga simu pale pale uani.

"Mseti. Yupo?"

"Yupo, afande. Tumefika kwenye salamu za mwanzo. Ameshaniomba aende chooni mara mbili."

"Mweke chini ya ulinzi. Msomee haki zake. Funga ofisi kwa kufuli letu, chukua viatu vyake vyote na nguo za Alhamisi. Na simu yake."

"Kosa gani niandike?"

Getruda aliwatazama wale wanawake watatu. "Andika rushwa ya ngono kwa kuanzia. Jingine nitakuja nalo mwenyewe."

Alipokata simu, Rhobi alikuwa bado amesimama. "Mama, kwa hiyo siyo mimi?"

"Siyo wewe," alisema Getruda. "Ulimweleza rafiki yako shida. Hilo siyo kosa popote."

Msichana alifungua tena daftari, akatoa karatasi nyingine, ya mwandiko wa kusimama. "Na hii je? Sikuikusanya, nilikuwa nimeshakuja. Nimeiandika mimi. Lakini ni ya kwake."

*

Saa kumi kasorobo Afande Bernado alikuwa na kalamu mkononi. Getruda aliweka mbele yake orodha ya ukutani, karatasi ya Kiswahili, namba ya simu na maelezo ya Rhobi, moja baada ya nyingine, akaeleza kila moja ilivyounganika na mwenzake. Bernado alisoma yote bila kumkatiza.

"Hii haithibitishi kwamba alimsukuma," alisema mwishoni.

"Haithibitishi. Inathibitisha kwamba Jeska hakuaga mtu. Na kwamba aliyetuletea habari ya kujiua alijua si kweli, ndiyo maana akaung'oa ukurasa wenye jina lake."

Bernado alifuta neno alilokuwa ameshaandika, akaandika juu yake: *kifo cha mashaka, uchunguzi wa mauaji*. Akanyanyua simu, akamwambia daktari akipime tena kile kisogo, leo, na kama hawana mtu wa kupima wamwambie yeye amtafute.

"Mzee atangoja mpaka kesho," alisema akiwa amefunika simu kwa kiganja. "Mwambie gari ni letu. Mafuta yetu. Mpaka kijijini."

Mzee Paschal alikuwa palepale. Kikombe kilikuwa kimebadilishwa. Hiki kilikuwa bado kinatoa mvuke. Getruda alikaa karibu naye.

"Karatasi imeandikwa nini, mama?"

"Haijaandikwa kajiua. Imeandikwa uchunguzi wa mauaji. Yupo mtu tumemkamata. Mwalimu wake. Mengine nitakwambia yote, ila yatakuumiza."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu. Alitoa simu, akabonyeza namba moja iliyokaririwa na kidole. "Katekista," alisema. "Piga kengele." Akairudisha simu mfukoni.

"Kuna kitu chake," alisema Getruda. "Kimeandikwa na mkono wa rafiki yake. Lakini anayesema ni Jeska."

Alikunjua karatasi. Kiingereza chake kilikuwa kizito, akawa anasoma mstari kimya kisha anausema kwa Kiswahili, kidole kikifuata.

"'Kwa Ofisa Uvuvi, Bunda. Ninaomba nafasi ya mafunzo ya vitendo katika ofisi yako. Mimi ni binti wa mvuvi. Baba yangu alinifundisha kuyasoma maji kabla sijasoma kitabu. Najua majira ya dagaa, najua nyavu zinazoharibu mazalia ya samaki, na nazungumza na wavuvi kwa lugha yao. Kiingereza changu bado kinakua, lakini ninafanya kazi bila kuchoka. Niko tayari kuanza Jumatatu, tarehe sita Julai. Wako mtiifu.'"

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, sikio likielekea kwenye karatasi kama vile sauti inatoka humo.

"Hiyo sasa ina baba yake," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Kule Bunda waliipata?"

"Hapana. Haikufika. Ilikuwa kwenye daftari la rafiki yake."

Mzee Paschal aliuweka mfuko wa shuka pembeni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akapangusa viganja kwenye suruali, akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na neno hata moja analoweza kulisoma. Kisha akamrudishia.

"Ipelekeni," alisema. "Wajue alikuwa anakuja."